Fundi Akianguka Kwenye Paa Lako, Nani Alipe?

Mwaka juzi shangazi yangu aliamua kuezua paa la nyumba yake ya Tabata na kupaua upya. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu, kenchi zimeingia mchwa, na mvua ikinyesha sebule inajaa ndoo. Jirani akamtafutia fundi, wakapatana hela ya ufundi. Vifaa akasema atanunua mwenyewe, maana kumpa fundi hela ya vifaa, kwa maneno yake, ni kumpa fisi bucha alinde. Fundi akaja na vijana wawili wa kumsaidia, kazi ikaanza.

Siku ya nne nilipita asubuhi kumwamkia. Jukwaa lilikuwa mirunda iliyogongwa misumari, juu yake ubao mmoja wa kukanyagia ambao haukufungwa popote. Shangazi kakaa kwenye kigoda chini ya mwembe, daftari la matumizi mapajani. Fundi akamsogelea: mama, tunaomba mirunda mingine minne na mbao mbili, huku nyuma ni juu sana. Shangazi akafunua daftari. "Juzi uliniambia hizi zinatosha, baba. Leo hazitoshi tena. Pandeni na hizo hizo, Jumamosi nataka muwe mmemaliza."

"Sawa, mama."

Kwenye saa tano ubao ukateleza. Kijana mmoja akaja nao chini, akaangukia rundo la vifusi, paja likavunjika. Ikatafutwa bajaji, akapitishwa kituo cha polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, kisha hospitali, eksirei, na siku mbili baadaye akawekewa vyuma. Jioni ile familia ilikaa kikao. Mimi nilitazamwa sana, kwa kuwa ndiye ninayedhaniwa kujua mambo ya sheria. Shangazi akaniuliza akiwa na machozi na hasira pamoja: "Mwanangu, mimi nimemwajiri nani? Nimeita fundi tu."

Sijapata kusikia kesi nzima ikiwekwa kwenye maneno machache namna hiyo. Karibu kila mzozo wa fundi kuumia nyumbani kwa mtu unazunguka hapo: je, mwenye nyumba aliita fundi, au aliajiri mtu?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, inamtambua mfanyakazi kwa upana kuliko tunavyodhani. Haihitaji barua yenye mhuri. Inatosha mtu amekubali kufanya kazi yeye mwenyewe kwa ajili ya mwingine, ila tu huyo mwingine asiwe mteja wa biashara au shughuli anayoiendesha huyo mfanya kazi. Neno la kushika hapo ni mteja. Kinyozi akijikata kidole akininyoa, mimi ni mteja wake na kidole ni chake. Shangazi alijiona yuko kwenye kiti cha kinyozi.

Tatizo ni kwamba kwenye kiti cha kinyozi hatununui wembe, hatupangi saa ya kufungua saluni, wala hatumwambii kinyozi ashike mkasi hivi au vile. Kwenye ujenzi tunafanya yote hayo. Na ipo sheria nyingine ya mwaka huo huo, ya Taasisi za Kazi, ambayo kifungu chake cha 61 kinasema mtu atachukuliwa kuwa mfanyakazi, hadi ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa. Je, namna anavyofanya kazi inaelekezwa na mwingine? Je, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine? Anapewa zana au vifaa vya kazi? Anamtegemea huyo mmoja kwa riziki yake? Amemfanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Moja tu linatosha kuanzisha dhana, na ukishafika hapo wewe mwenye nyumba ndiye unayebeba kazi ya kuthibitisha kwamba sivyo.

Mpime shangazi kwa mizani hiyo. Fundi mkuu ana nyundo yake, msumeno wake, pimamaji yake, na wateja wengine Segerea na Kinyerezi. Huyo nakubali ni mtu wa shughuli zake. Lakini yule kijana aliyevunjika paja hana hata nyundo. Na kuna jambo ambalo shangazi alilitaja kwenye kikao kama sifa, nami nikajikuta nainamisha kichwa: kila jioni alikuwa anawalipa vijana mkononi, mmoja mmoja, kwa sababu alisikia mafundi wakuu wanawapunja. Saa ya kuingia alipanga yeye, na Jumamosi kaitaja yeye. Jukwaa limetengenezwa kwa mirunda yake, na ombi la kuongeza mirunda lilikataliwa na yeye. Huruma yake kwa vijana wale na ubahili wake kwa mbao vilikuwa vinamsogeza upande mmoja bila mwenyewe kujua, upande wa mwajiri.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo, na najua wenye nyumba wengi hawataupenda. Sisi tumezoea kujenga na kukarabati kwa mtindo wa nusu kwa nusu. Hatumwachii mkandarasi kazi yote kwa sababu ni ghali na hatumwamini, lakini pia hatutaki kuitwa waajiri. Tunachukua usimamizi wote, tunanunua misumari kwa kilo, tunahesabu mifuko ya saruji usiku kwa tochi, tunamwambia fundi lenta ipite wapi. Halafu mtu akianguka tunavua kofia ya nyapara haraka tunaiweka chini, tunasema mimi niliita fundi tu. Kofia ile ndiyo iliyokuokolea hela. Sioni kwa nini sheria ikubali ivuliwe siku ya ajali.

Ukishaitwa mwajiri, mambo hubadilika. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyozaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Msingi wake ni kwamba aliyeumia kazini anafidiwa bila kwanza kubishana kosa lilikuwa la nani. Gharama yake inatokana na michango ya waajiri, na kwa sekta binafsi kiwango sasa ni asilimia 0.5 ya mishahara. Nilimpigia shangazi hesabu: vijana wawili, tuseme kila mmoja 20,000 kwa siku, siku sita, ni 240,000. Asilimia 0.5 yake ni shilingi 1,200. Hazitoshi soda mbili. Alinitazama kama namfanyia utani. "Sasa mimi na hii nyumba ya vyumba vinne ndiyo niende nikajiandikishe kama kampuni?"

Nilikosa jibu zuri, na sidhani kama lipo. Mfumo umetengenezwa kwa mwajiri mwenye ofisi na orodha ya mishahara. Mama anayepaua kwa wiki mbili kisha hatagusa nyumba tena kwa miaka ishirini hauoni mlango wa kuingilia. Kwa hiyo sheria inamwona, ila yeye haioni.

Kenya wana sura hiyo hiyo kwa jina jingine. Sheria yao ya Mafao ya Ajali Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi wanaiita WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake, na inaweka fidia ya kifo kuwa sawa na mapato ya miezi 96. Inafunga pia mlango wa kumshtaki mwajiri mahakamani kwa ajali hiyo. Madai yanaanzia kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Suala hilo lilipiganiwa miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ilipoithibitisha sheria hiyo Desemba 2019. Kwa fundi wa Nairobi au Mombasa, kwa hiyo, swali la shangazi linaamua hata mlango wa kubisha. Kama ni mfanyakazi anaelekea kwa Mkurugenzi. Kama ni mtu wa shughuli zake anaelekea mahakamani na kazi ya kuthibitisha uzembe. Akikosea mlango anapoteza muda, na muda wenyewe una mwisho: madai ya uzembe, Kenya na Tanzania Bara, yana ukomo wa miaka mitatu.

Tuseme sasa shangazi ashinde hoja yake, mahakama iseme kweli hakuajiri mtu, alikuwa mteja. Je, kapona? Bado.

Mwenye kushika nyumba ana wajibu kwa kila anayeingia kwa ruhusa yake, awe mgeni wa chai au fundi wa mabomba. Kenya wameuandika wajibu huo katika Sheria ya Dhima ya Wenye Kushika Majengo, Sura ya 34, iliyofuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya mwaka 1957. Ndani yake kuna kipengele ambacho kila mwenye nyumba angekipenda mpaka akisome chote. Kinasema mwenye nyumba anayo haki ya kutegemea kwamba mtu wa fani atazijua na kujikinga na hatari za kawaida za fani yake. Fundi wa paa anajua paa liko juu. Fundi umeme anajua waya una moto. Hapo mwenye nyumba anapumua. Lakini sentensi haijaisha. Inaendelea: kwa kadiri mwenye nyumba anavyomwachia uhuru wa kufanya hivyo.

Kesi inayotajwa sana kwenye jambo hili ni Roles dhidi ya Nathan, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1963. Wasafisha dohani wawili, ndugu wa damu, walikuwa wanaziba tundu kwenye dohani la tanuri la jengo moja la Manchester huku moto ukiwaka. Walionywa zaidi ya mara moja kuhusu gesi ya kaboni monoksaidi. Hawakusikia, wakafa. Wajane wakashtaki wakashindwa: gesi ya dohani ni hatari ya fani yao, na walionywa. Hakimu maarufu Denning, katika hukumu hiyo, akatoa mfano ambao mimi naona ndio wenye faida kwetu. Alisema kama wangeumia kwa sababu ngazi za kushukia chini zimekatika, mambo yangekuwa mengine. Ngazi mbovu hazihusiani na fani ya kusafisha dohani.

Mfano huo unaingia kwenye nyumba zetu bila kubadilishwa. Fundi rangi anapanda darini kupaka ubao wa pembeni, anashika waya ambao ulichomolewa kwenye taa ya zamani ukaachwa wazi, anapigwa shoti. Fani yake ni rangi. Waya ule ulikuwa unajulikana na mwenye nyumba, kwa kuwa ndiye aliyemwambia mwanawe achomoe taa. Huo ni ujuzi wa mwenye nyumba, na kunyamaza kwake ndiko kosa. Au mchimbaji anashushwa kwenye shimo la choo la zamani na harufu inamlegeza, mwenzake anashuka kumtoa, naye analegea. Mara ngapi tumesikia habari hiyo? Anayechimba mashimo anatakiwa kujua hewa ya shimoni inaua, lakini je, ulimwambia shimo hili limefukiwa kwa miaka mingapi na lina nini chini? Au ulimwambia tu fanya haraka, wageni wa harusi wanakuja?

Shangazi hakuficha chochote. Kosa lake ni lile la pili, kumnyima fundi uhuru wa kujikinga. Fundi, mtu wa fani, aliiona hatari, akaitaja, akaomba dawa yake kwa idadi kamili: mirunda minne, mbao mbili. Akakatazwa. Mwanasheria wa upande wa kijana hahitaji zaidi ya hapo, na shahidi wa maneno yale, kwa bahati mbaya ya ukoo wetu, ni mimi.

Wapo watakaosema kijana naye alikuwa na macho, angekataa kupanda. Hoja hiyo ina nafasi yake. Katika madai ya uzembe mahakama inaweza kugawa lawama, ikapunguza fidia kwa kadiri aliyeumia alivyochangia: alilewa, alivua mkanda aliopewa, alikanyaga pale alipoambiwa pasikanyagwe. Ila tusiikuze. Kwenye fidia ya wafanyakazi hoja hiyo haina nguvu. WIBA, kwa mfano, inamnyima fidia aliyejiumiza kwa ukaidi wa makusudi, lakini haimnyimi kama ukaidi huo umemletea ulemavu mkubwa au kifo. Na kuhusu kukataa kupanda, nani amewahi kumwona kibarua wa kutwa akimjibu mama mwenye nyumba kwamba hapandi? Nyuma yake kuna vijana watano wako kijiweni wanasubiri nafasi.

Hatari haiishii kwa fundi. Mchanga na kokoto zinazomwagwa njiani, tofali linalodondoka upande wa jirani, shimo la choo lililoachwa wazi mwezi mzima kwa sababu hela ya zege imekatika. Hilo la mwisho linanikera kuliko yote. Sheria hiyo ya Kenya inasema wazi kwamba mwenye nyumba ajiandae kuona watoto wakiwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Mabati mawili ya zamani na mawe manne juu yake yangetosha kulifunika. Kama kazi ulimkabidhi mkandarasi huru, unaweza kujitetea kwa wageni walioumia kwamba kosa la ujenzi ni lake, mradi uonyeshe ulikuwa na sababu ya kumwamini, na ulijiridhisha kwamba anaimudu kazi. Kumpata kwa kuwa kampaulia shemeji yako ni mwanzo wa kujiridhisha, si mwisho.

Ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, nchi nzima ilizungumza usalama wa majengo kwa wiki kadhaa. Yalizungumzwa maghorofa. Nyumba ya kawaida ya mtaani, ambako fundi mmoja mmoja anaanguka bila kamera wala waziri, haikuguswa, na ukarabati wake mwingi huanza bila kibali cha mtu yeyote zaidi ya mwenye nyumba. Akifa mtu, Kanuni ya Adhabu ina kosa la kuua bila kukusudia, kifungu cha 195, na lipo pia la vitendo vya kizembe hata asipokufa mtu. Haibagui ghorofa na kibanda.

Nirudi kwenye kikao, maana huko ndiko mambo mengi ya namna hii huishia. Familia ya kijana ilikuja: baba mdogo wake na mama mmoja aliyekaa kimya muda wote. Walisalimia vizuri, wakasema hawakuja kwa ugomvi. Mjomba wetu alikuwa tayari na karatasi iliyoandikwa kwamba kijana alipanda kwa hiari yake, familia inapokea laki tatu, na haitadai tena kitu chochote. Nilimwomba aiweke mfukoni. Kumalizana si kubaya; makubaliano ya maandishi yanaweza kuifunga kesi kihalali na kuwaepusha wote na miaka ya kesi kupigwa kalenda. Lakini Sheria ya Mikataba inataka ridhaa ya hiari. Mtu aliyelala wodini na chuma pajani, hajui hata kama atatembea sawasawa, anaridhia nini? Karatasi kama ile huja kuwa ushahidi dhidi ya aliyeiandika. Na kwa upande wa fidia ya mfanyakazi, haki iliyowekwa na Bunge haifutwi kwa kalamu ya mjomba.

Mjomba akasema basi abanwe fundi mkuu, si ndiye aliyemleta kijana? Kisheria hakukosea sana. Katika nyumba nyingi fundi mkuu ndiye mwajiri halisi wa wasaidizi wake, na ningekuwa hakimu ningeanza naye kila mara mwenye nyumba anapokuwa amekabidhi kazi yote kwa bei moja na kukaa pembeni. Sasa umshinde mahakamani, umkamate nini? Nyundo, msumeno na simu yenye kioo kilichopasuka. Hukumu dhidi yake ni karatasi ya kufungia vitumbua. Ndiyo maana madai humfuata mwenye nyumba, hata pale ambapo haki kamili ingegawanywa kwa namna nyingine. Mwenye nyumba ana nyumba.

Kama ningesikilizwa, ningeomba kitu kidogo: mwenye kukarabati aweze kulipia kinga ya muda mfupi kwa simu, kwa jina la kazi na idadi ya vijana, wiki mbili au mwezi, kama tunavyolipia luku. Ofisi ya serikali ya mtaa inajua nyumba ipi imeshushiwa mchanga kabla hata jirani hajajua, kwa hiyo kumkumbusha mtu si kazi. Hilo lingemwondoa shangazi kwenye adha ya kujiita kampuni, na kijana asingesubiri huruma ya kikao. Mpaka hapo, ujumbe wa WhatsApp unaosema fundi kaomba nini na amejibiwa nini ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali. Wengi wetu tunajishtaki wenyewe kwenye simu zetu bila kujua.

Shangazi alilipa hospitali yote, kisha akakubali kulipa ujira wa kijana kwa miezi sita ambayo hakufanya kazi. Waliandikiana baada ya kijana kutoka wodini, akiwa amekaa, na baba yake mdogo yupo. Mjomba alinuna. Paa lilikaa na turubai hadi masika yakapita. Fundi mpya alipokuja, aliangalia ukuta wa nyuma, akasema anataka mirunda kumi. Shangazi alifungua daftari, akaandika kumi na mbili.